Mama mkwe wangu hakuwahi kunywa kwenye kikombe cha bati. Naomba mnisaidie kuelewa

Mkwe wa Moro aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa yeyote anayejua maisha ya wanawake weusi wa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Habari za vyama na viongozi tulisoma shuleni. Mimi nataka kujua ya ndani: mwanamke anaamka, anakwenda kazini, anapika, anazaa, analala. Ilikuwaje?

Sababu ni hii. Mama mkwe wangu amefariki mwezi wa tatu. Alikuwa Msotho wa Afrika Kusini, alifika Morogoro na wakimbizi wa ANC mwishoni mwa miaka ya sabini, akaolewa na fundi mwashi wa hapa hapa. Mwaka 1992, Mazimbu, makazi na shule ya ANC hapa Morogoro, ilipokabidhiwa kwa serikali yetu na wenzake wakarudi kwao, yeye alibaki. Nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na moja. Alikuwa mpole kupita kiasi, ila hakuwa msimuliaji. Ukimuuliza ya kwao anajibu, "Yalipita, mwanangu," anavuta ungo wake na kuendelea kuchambua mchele.

Lakini alikuwa na mambo yake ambayo hatukuyaelewa.

Kikombe cha bati hakukigusa. Vile vikombe vya maua tunavyovijua wote, hata msibani, hata kwa jirani, hata kama ana kiu kali. Siku moja nilimletea uji kwenye kikombe cha bati kwa kuwa vingine vilikuwa havijaoshwa. Alikitazama, akakiweka chini, akaingia chumbani, hakutoka hadi jioni. Nilidhani ananidharau. Nimebeba kinyongo hicho zaidi ya mwaka, Mungu anisamehe.

Kila akitaka kutoka getini, hata kwenda dukani kwa Mangi hapo hatua ishirini, lazima ajipapase kifuani upande wa kushoto kwanza. Mfuko hamna. Anapapasa tu, halafu anatoka.

Mtu akigonga mlango usiku, yeye hawashi taa. Anakaa kitandani wima na kuuliza kwa kunong'ona, "Watoto wako wapi?"

Na Alhamisi mchana hafanyi kazi. Hata iwe wakati wa kupura mpunga. Anaoga, anapiga pasi blauzi yake nyekundu yenye kola nyeupe, anavaa, anakaa barazani. Haendi popote. Jioni anaivua na kuikunja.

Sasa juzi tumefungua tranka lake. Chini kabisa, ndani ya kanga, tumekuta kitabu kidogo chenye picha yake akiwa msichana, namba ndefu, mihuri, na kurasa za sahihi za watu. Sahihi zinafuatana, halafu mwaka 1974 kuna miezi minne mitupu, kisha muhuri mkubwa, kisha sahihi za mwandiko mwingine kabisa. Mume wangu anakishika na kukirudisha, hasemi kitu. Naomba mwenye kujua anisomee.

---

Mwalimu wa Iringa alijibu:

Pole kwa msiba, dada. Hicho kitabu ni pasi. Wenyewe waliiita "dompas", maana yake pasi ya kijinga. Sheria yake ni ya mwaka 1952. Wanaume walikuwa wameshabebeshwa pasi za namna mbalimbali tangu zamani; wanawake walianza kugawiwa vitabu hivyo 1956, na kufikia Februari 1963 kila mwanamke Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa awe nacho, na awe nacho mwilini. Kukiacha nyumbani ilikuwa ni kosa.

Mihuri ni ya ofisi ya kazi, na sahihi ni za mwajiri. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali, isipokuwa awe amezaliwa hapo na kuishi hapo siku zote, au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au ameishi hapo kihalali miaka 15. Mke na watoto wa mtu mwenye haki hiyo waliruhusiwa kukaa naye, lakini mlango huo ulikuwa mwembamba mno. Mke aliyetoka kijijini kumfuata mumewe angeweza kukamatwa kwa kosa la kulala chumba kimoja na mume wake wa ndoa. Mfumo huo ulifutwa 1986.

Hayo ya kikombe na Alhamisi siyajui. Nasubiri nami nijifunze.

---

Mama Kihonda alijibu:

Mwanangu, pole sana. Nimesoma ulichoandika nikaweka simu chini, nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi.

Mimi ni mmoja wa waliobaki. Nilizaliwa 1957 Meadowlands, Soweto, mitaa ya Waafrika kando ya Johannesburg, nikaondoka kwetu 1977 nikiwa na miaka ishirini, Mazimbu nikafika 1979. Nimezaa hapa, nimezika mume hapa. Mama mkwe wako huenda nilimfahamu. Kama alikuwa Dakawa, ile kambi nyingine ya ANC, basi tulipishana, maana mimi nilikuwa Mazimbu kwenye malezi ya watoto wadogo. Siwezi kukusimulia maisha yake. Nitakusimulia ya mama yangu mzazi, nawe utaona wapi yanagusana.

Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu, upande wa kaskazini wa Johannesburg. Alilala kwao. Si ndani ya nyumba: uani nyuma, chumba kimoja kando ya gereji, chenye kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, choo cha shimo la kuchuchumaa, na bomba la maji ya baridi. Hapo ndani mume haruhusiwi kulala. Mtoto haruhusiwi kulala. Sisi wanne tulikaa Meadowlands na bibi, mama akilea watoto watatu wa watu wengine.

Na vyombo vyake vilikuwa mbali. Sahani ya bati, kikombe cha bati, kijiko chake. Viliwekwa chini ya sinki, pamoja na dawa ya kusafishia na bakuli la mbwa. Hakuruhusiwa kunywa kwenye kikombe cha kaure alichokiosha mwenyewe asubuhi, mchana na jioni. Chai ya bibi mwenye nyumba aliionja kwa ulimi kama sukari imetosha, lakini mdomo wake usiguse kikombe. Mle kwenye bucha za Wazungu kulikuwa na nyama ya bei ya chini iliyouzwa kwa jina la "nyama ya maboi", mifupa na mapande magumu. Ndiyo waliyonunuliwa wafanyakazi. Mama alisema mbwa wa nyumba ile alikula nyama laini zaidi.

Mwanangu, kinyongo chako kitoe. Alipokitazama kile kikombe hakukuona wewe.

Jina lake pia lilikaa uani. Mama aliitwa kwa jina la Kiingereza alilopewa siku ya kwanza ya kazi kwa sababu jina lake "haliingii mdomoni". Ukoo wake hawakuuliza kamwe, ingawa waliuandika wenyewe kwenye pasi kila walipotia sahihi. Akiwa na miaka hamsini, ana wajukuu, aliitwa "msichana". Mtoto wa miaka sita aliyemwosha matako alimwita hivyo hivyo.

Sasa ile kujipapasa kifuani. Pasi ilikaa hapo, kwenye sidiria au mfuko wa aproni, upande wa kushoto. Nitakueleza siku moja tu, maana zilikuwa nyingi. Ilikuwa 1968, mimi niko darasani. Mama ametumwa mkate dukani, mtaa wa pili. Ameweka sufuria jikoni, anajua ni dakika kumi. Amevaa aproni safi, ile chafu ameivua, na pasi imebaki kwenye ile chafu. Polisi wakamsimamisha kwenye kona. Akawaonyesha nyumba: ile pale, geti linaonekana, twendeni nikaichukue. Wakampandisha kwenye gari. Alilala kituoni na wanawake wengine thelathini hivi, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja mimba imefika, wote kosa moja. Asubuhi mahakamani kila mtu alipata dakika moja au mbili: jina, kosa, faini au jela. Faini ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Aliporudi kazini alikatwa na siku aliyokosa, na sufuria iliyoungua.

Sisi Meadowlands hatukujua chochote. Hakukuwa na simu. Bibi alimsubiri Alhamisi hiyo, hakuja. Tukalala na uji.

Tangu siku hiyo mama hakuvuka kizingiti bila mkono kwenda kifuani. Mimi pia, nilichukua yangu 1973 nilipotimiza miaka 16, na mkono wangu ukajifunza. Nimeishi Tanzania zaidi ya miaka arobaini na hakuna polisi aliyewahi kuniuliza kitu mtaani. Bado nikisikia honi ya gari ghafla mkono unakwenda. Sijui nikueleze vipi. Akili imeshasahau, mkono haujasahau.

Kugongewa usiku ni hayo hayo. Polisi walikuja saa nane, saa tisa za usiku, kwenye vyumba vya uani na kwenye lokesheni kwetu, yaani mitaa ya Waafrika, tochi usoni, wakihesabu vichwa. Anayetafutwa ni mtu wa ziada: mume aliyekuja kumwona mkewe, binamu kutoka kijijini, mtoto. Likizo za shule mama alinipitisha kwa siri niwe naye siku mbili tatu. Nililala chini ya kile kitanda, nyuma ya sanduku, na shuka lilishushwa hadi sakafuni. Ndiyo kazi ya yale matofali. Nilifundishwa nisikohoe. Kwa hiyo "Watoto wako wapi?" aliyokuwa akiuliza, mwanangu, maana yake wamejificha vizuri?

Nakuja kwenye Alhamisi, nayo nataka niiandike taratibu.

Alhamisi mchana ndiyo ilikuwa nusu siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa ndani. Ukiosha vyombo vya chakula cha mchana umekuwa huru hadi usiku. Jumapili ilikuwa ya kubahatisha, labda mbili kwa mwezi, lakini Alhamisi ilikuwa yao. Ndiyo maana kwetu vikundi vya akina mama wa kanisa, manyano, vilikutana Alhamisi hadi leo. Blauzi nyekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi, kofia nyeupe: hiyo ni sare ya akina mama wa Methodisti. Mama alikuwa nayo. Mwanamke ambaye wiki nzima amepiga magoti kupaka veranda nta nyekundu na ameitwa msichana, Alhamisi saa tisa anashuka kwenye treni na kola nyeupe imepigwa pasi ikasimama, na watu wa mtaa wanamwamkia kwa jina la ukoo wake. Sisi watoto tulikimbia kumpokea hadi stesheni. Ukinusa ile blauzi ilinuka pasi ya mkaa na sabuni ya mche.

Kanisani waliomba, walilia, kisha walihesabu pesa. Kila mmoja alitoa chake, leo unapewa wewe, mwezi ujao yeye, kama kijumbe chetu hapa. Kwetu tunaita stokvel. Sare yangu ya shule ilitoka humo. Jeneza la bibi pia.

Na lile andamano la Pretoria, tarehe 9 Agosti 1956, wanawake 20,000 walipokwenda hadi Union Buildings, makao ya serikali, kumpelekea Waziri Mkuu Strijdom karatasi za kukataa pasi, fungua kalenda ya mwaka ule. Ilikuwa Alhamisi. Viongozi walikuwa akina Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophie Williams. Strijdom hakutokea. Karatasi ziliachwa ofisini kwake, kisha wakasimama kimya nusu saa, wanawake elfu ishirini na hakuna anayesema. Mama alikuwepo, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Alikwenda na mtoto wa Kizungu mgongoni, kwa sababu bibi mwenye nyumba alibadilisha mawazo siku ile ile akamwachia mtoto, naye hakutaka kubaki. Wengi walikwenda na watoto wa waajiri wao migongoni. Alisema lile toto lilisinzia nusu saa nzima, halikumwaibisha.

Pasi tulibebeshwa pamoja na hayo. Lakini Alhamisi hawakuichukua.

Kwa hiyo mama mkwe wako hakuwa anakaa barazani bure.

---

Kijana wa Mbeya alijibu:

Shikamoo mama. Samahani kama swali langu litakera, nauliza kwa nia njema. Kwa nini wasingeacha hizo kazi za manyanyaso wakarudi kijijini kulima? Sisi huku bibi zetu walikuwa na mashamba yao, hawakumtegemea mzungu kwa chakula.

---

Mama Kihonda alijibu:

Marahaba mwanangu. Hujakera. Watanzania wengi waliniuliza hivyo hivyo Mazimbu, kwa sababu ninyi ardhi mnayo, hamjui ladha ya kuikosa.

Kijiji kipi? Sheria ya ardhi ya 1913 ilituachia kama asilimia saba ya nchi. Mwaka 1936 wakaahidi kuifikisha asilimia 13 hivi. Waafrika ndio wengi kuliko wote, na tukabanwa kwenye vipande hivyo, vingi vimechoka, mawe na makorongo. Mwanaume alitakiwa kulipa kodi ya kichwa, kwa hiyo alikwenda migodini kwa mkataba, anarudi mara moja kwa mwaka ikiwa anarudi. Mwanamke alibaki na watoto, wazee, na shamba lisilofika gunia tatu. Pesa ya posta ikichelewa, mnachemsha majani ya mwituni. Dada yake mama alizika watoto wawili huko, wote kabla ya kutimiza miaka miwili, na daktari yuko mwendo wa siku.

Halafu hata huko, mwanamke hakuwa mtu mzima. Mke wa ndoa ya kimila alihesabiwa kisheria kama mtoto chini ya ulezi wa mumewe. Mjini hivyo hivyo. Nyumba za manispaa Soweto ziliandikwa jina la mwanamume. Baba alipokufa 1965 mama alipewa barua, baada ya mazishi hata nguo nyeusi hazijafuliwa mara ya pili. Nyumba ile alikuwa ameilipia kodi yeye miaka kumi. Walikuwa wamehamishiwa hapo 1955 kwa lori kutoka Sophiatown, ambako babu yangu alikuwa na nyumba yake mwenyewe, yenye mti wa pichi. Sophiatown ilibomolewa, ukajengwa mtaa wa Wazungu, wakauita Triomf, maana yake Ushindi. Sasa na hicho kiberiti cha Meadowlands wanataka kukichukua kwa sababu mwanamume amekufa.

Wajane wengi waliolewa upesi na mtu yeyote ili nyumba ibaki. Majirani waliwasema vibaya, na wajane wale walinyamaza. Mama hakuolewa. Mjomba alikuja akajiandikisha kama mwenye nyumba, naye alikuwa mlevi, na tuliishi kwa huruma yake hadi nilipoondoka. Nikimkumbuka mjomba sijui nimshukuru au nimlaumu.

Na kuna kutengeneza pombe, ambako wengi hawakuheshimu. Mwanamke asiye na pasi nzuri, asiye na mume, angeweza nini? Alipika pombe ya mtama akauza. Hiyo nayo ilikuwa jinai, maana manispaa ziliuza pombe kwenye vilabu vyake na hazikutaka mshindani. Akina mama walifukia mapipa uani, usiku polisi wanachoma ardhi kwa vyuma virefu hadi wasikie mlio wa bati. Durban, Cato Manor, mwaka 1959, wanawake walichoka, wakaingia kwenye vilabu vya manispaa na fimbo na kuwatoa wanaume nje.

---

Wanjiru wa Eastlands alijibu:

Shikamoo mama, niko Nairobi. Hiyo ya pombe imenigusa. Miriam Makeba alikuwa na siku 18 tu mama yake aliposhikwa kwa kuuza pombe. Hakuwa na pesa za faini, kwa hiyo mtoto alimaliza miezi yake sita ya kwanza ndani ya jela.

Huku kwetu kipande, ile pasi ya wakoloni, kilikuwa cha wanaume, kwenye kibati kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Lakini nyanya yangu aliishi Pumwani, hapa Nairobi, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau, na Aprili 1954, ile Operesheni Anvil, mji wote ulizingirwa, wanaume wakapelekwa vizuizini, yeye na watoto wakarudishwa reserve kwa lori. Alibeba cherehani kichwani. Mpaka anakufa hakuwa anapenda lori lipite karibu na nyumba. Naona ni ule mkono mama anasema.

---

Mkwe wa Moro aliandika:

Shikamoo mama. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote, tangu mwanzo. Nilipofika kwenye Alhamisi akaomba nirudie.

Nina swali moja. Ile miezi minne mitupu ya 1974. Inaanza Juni, inaishia Septemba. Halafu muhuri, halafu mwajiri mwingine. Je, alifungwa?

---

Mama Kihonda alijibu:

Marahaba mwanangu. Siwezi kuapa kwa kitabu nisichokiona. Inaweza kuwa jela, lakini kwa kosa la pasi peke yake miezi minne ni mirefu. Nitakwambia mwanya wa namna hiyo kwenye pasi ya mama yangu ulikuwa nini.

Ulikuwa uzazi. Mimba ikionekana, kazi imekwisha. Hakuna likizo ya uzazi, hakuna barua, hakuna malipo, kwa mfanyakazi wa ndani sheria za kazi hazikumhusu. Bibi mwenye nyumba hatii sahihi tena. Kuanzia hapo upo mjini lakini kwenye kitabu haupo. Ukikamatwa, unagongewa muhuri wa kuondoka. Kwa hiyo wengi walikwenda wenyewe kujifungulia kijijini kwa mama zao, wakakaa wiki chache, wakamwacha mtoto, wakarudi kupanga foleni ofisi ya kazi waombe muhuri wa kutafuta mwajiri mpya. Ule muhuri mkubwa huenda ndio huo.

Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa hivyo. Mama alirudi kazini mtoto ana wiki sita. Alipata nyumba nyingine, yenye mtoto mchanga wa umri huo huo. Maziwa yalimjaa hadi aproni inalowa, akawa anakwenda kwenye karo la kufulia, anayakamua na kufungulia bomba yaende. Usiku anamlisha mtoto wa Kizungu kwa chupa. Wa kwetu analishwa na bibi uji mwepesi wa mahindi. Mama alinisimulia hilo mara moja tu maishani, mimi nikiwa na mimba ya kwanza, na hakuniangalia usoni.

Muulize mume wako kwa upole kama kulikuwa na mtoto.

---

Mkwe wa Moro aliandika:

Mama, yupo. Mume wangu ana dada, alizaliwa Julai 1974, alilelewa na bibi yake huko Free State. Mama alipokimbia 1977 hakuweza kumchukua. Walionana mara moja, 1995, mama alisafiri kwa mabasi karibu wiki nzima, na aliporudi hakusema chochote, alileta tu picha ya mwanamke mtu mzima na watoto wawili. Sisi tulidhani wamegombana. Simu za sikukuu wanaongea Kisotho dakika mbili, kisha kimya kirefu, kisha mama anakata.

Mume wangu anasema dada yake amekuwa akiamini siku zote kwamba mama alimwacha akiwa na wiki chache kwa sababu hakumtaka. Alimwambia hivyo mwezi wa tatu, kwenye simu ya msiba, akilia. Leo jioni amepiga picha kila ukurasa wa kile kitabu. Bado hajamtumia, anasema hajui aanze na maneno gani, na Kisotho chake ni cha kuunga unga.

Mama, kama utaweza, tunaomba uje nyumbani. Utusomee hiyo mihuri, na utusaidie kumwandikia wifi yangu kwa lugha yake. Tupo nyuma ya soko la Mazimbu, nitakutumia namba kwa faragha.

---

Mama Kihonda alijibu:

Nitakuja mwanangu. Kisotho ninacho, bibi yangu alikuwa wa huko. Msimtumie zile picha kabla ya barua, akiona mihuri peke yake hatajua afanye nini nayo.

Leo ni Jumatatu. Nitakuja Alhamisi, saa nane mchana.